Nani kala kuku? Tusome alama kabla ya kutaja jina

Miongoni mwa misiba midogo ambayo haitangazwi popote, hapana uliozoeleka zaidi kuliko ule wa mtu kuamka alfajiri na kukuta banda lake la kuku limevamiwa. Manyoya yametapakaa, mayai hayaonekani, na tetea aliyekuwa akiatamia amelala chini bila kichwa. Katika dakika hiyo ya uchungu, kauli ya kwanza inayotoka kinywani mwa mwenye kuku aghalabu huwa si swali. Huwa ni jina. "Nguchiro!" husema mmoja. "Ni yule paka wa jirani," husema mwingine. Na wa tatu, akiwa amenyamaza kando, humtazama kijana anayelisha kuku hao kwa jicho lisilohitaji maneno. Hukumu imekwisha kutolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Mimi si bwana mifugo wala si mtaalamu wa wanyama wa porini. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kuku ninaowafuga nyuma ya nyumba hawafiki ishirini. Hata hivyo nathubutu kuingia katika mjadala huu kwa sababu naamini kwamba kosa linalotendwa katika mabanda yetu asubuhi za namna hiyo ni, kwa kiasi kikubwa, kosa la matumizi ya lugha. Tunakimbilia kutaja mtenda kabla ya kuthibitisha kitendo.

Walimu wenzangu wa Kiswahili watanielewa upesi nikitumia mnyambuliko wa vitenzi. Tazama sentensi tatu: banda limevunjika, banda limevunjwa, banda limevunjwa na nguchiro. Wanafunzi huzikariri sentensi kama hizi kwa ajili ya mtihani, wakadhani kwamba tofauti yake ni ya viambishi tu. La hasha. Sentensi ya kwanza, iliyo katika kauli ya kutendeka, inaeleza hali peke yake: ubao umeachia, labda kwa kuoza, labda kwa upepo. Ya pili, iliyo katika kauli ya kutendwa, inadai kwamba yupo aliyetenda, ila haimtaji. Ya tatu inamtaja. Kila hatua kati ya sentensi hizi ni dai jipya, na kila dai jipya lahitaji ushahidi wake. Anayeruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa pumzi moja amejitwalia kiambishi na kihusishi asivyovilipia.

Lugha yenyewe hutusaidia kukosea. Wahenga walisema kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Methali hii inasema kweli chungu kuhusu umaskini, lakini imemfunga mwewe kifungo cha maisha. Mtoto anayeisikia tangu utotoni hukua akijua ni nani wa kulaumiwa kifaranga kinapotoweka, hata kama kilitoweka usiku wa manane, saa ambazo mwewe amelala juu ya mti wake kama mimi na wewe tulivyolala vitandani.

Fauka ya hayo, majina yenyewe yana utata. Chukua cheche na kicheche. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba kiambishi ki- huleta udogo atadhani kuwa kicheche ni cheche mdogo. Sivyo. Cheche, katika matumizi ya wengi, ni mnyama wa jamii ya nguchiro. Kicheche ni mnyama mwingine kabisa, mwenye milia myeusi na myeupe, anayejikinga kwa kutoa harufu isiyovumilika. Au chukua jina paka mwitu. Katika vijiji vingi jina hili hubebeshwa kila kiumbe chenye mkia mrefu na macho yanayong'aa gizani: paka mwitu halisi, fungo, na hata kanu.

Kanu huyu anastahili kutambulishwa vyema, kwa kuwa Wakenya wengi wanapolisikia jina lake hufikiria siasa. Ni mnyama mwembamba, mwenye madoa meusi mwilini na pete mkiani, hodari wa kupanda miti, anayewinda usiku. Ijapokuwa umbo lake lafanana na la paka, kwa nasaba yuko karibu na fungo. Ni sadfa ya kuchekesha kwamba chama cha KANU, kilichoundwa mwaka 1960 na kuitawala nchi tangu uhuru wa 1963 hadi mwisho wa 2002, kilichagua jogoo kuwa alama yake. Kanu wa porini pia anampenda jogoo, ila kwa namna isiyomfaa jogoo.

Basi tufanyeje? Nashauri tuufuate mwendo uleule tunaowafunza wanafunzi wanaposoma ufahamu: kwanza soma kifungu chote, kisha ndipo ujibu maswali. Banda lililovamiwa ni kifungu. Nayo maswali yake ni haya.

La kwanza ni wakati. Mwewe na kipanga huwinda mchana. Mwewe, yule mwenye mkia uliogawanyika kama panda, hushuka ghafla, akanyakua kifaranga uani na kwenda zake. Aghalabu haachi hata nyoya. Nguchiro mwembamba, anayetembea peke yake, na nguchiro wenye miraba, wanaotembea kwa makundi, nao ni wa mchana, sawa na kenge. Kanu, fungo, kicheche, bundi, na nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe ni wa usiku. Kwa hivyo, mtu akijua kwa hakika kuku walihesabiwa saa ngapi wakiwa wazima na saa ngapi wakakutwa wamekufa, amekwisha kuwaachilia huru nusu ya washukiwa.

La pili ni mlango alioingilia mvamizi. Je, udongo umefukuliwa chini ya ukuta? Je, wavu wa seng'enge umechanwa kwa nguvu? Anayefukua na kuchana kwa nguvu kubwa huenda akawa mbwa, au nyegere, ambaye kucha zake ndefu na ukaidi wake vinajulikana na kila mfuga nyuki. Je, kila kitu kiko salama isipokuwa upenyo mdogo chini ya paa? Basi mtafute apandaye. Na ikiwa kufuli limefunguliwa bila kuvunjwa, hapana tone la damu, na waliotoweka ni wale majogoo wanono tu, hapo hatuna budi kumfikiria mwindaji wa miguu miwili, ambaye huchagua mawindo yake kwa kufuata bei ya soko.

La tatu ni mzoga. Mbwa aghalabu huua wengi, akawatawanya, asile. Mbweha humbeba kuku na kwenda naye, akiacha msururu wa manyoya kuelekea kichakani. Kanu na bundi wakubwa hupenda kichwa na shingo. Panya hushambulia vifaranga, akawaburuta hadi shimoni mwake. Chatu humeza mzima mzima, na mara nyingine hukutwa papo hapo, tumbo limejaa, ameshindwa kupita katika tundu aliloingilia. Siafu nao, hasa wakati wa mvua, huweza kummaliza tetea aliyekataa kuyaacha mayai yake, na asubuhi kikakutwa kiunzi cha mifupa mahali pa ndege.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila kuku aliyeliwa aliuawa na aliyemla. Kuku aweza kufa kwa kideri usiku, kisha mnyama apitaye akautafuna mzoga. Njia ya kutambua ni kuivuta ngozi karibu na alama za meno na kuangalia nyama iliyo chini yake. Ikiwa damu imevilia hapo, kuku aliumwa angali hai. Ikiwa nyama ni safi, isiyo na vilio la damu, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba aliumwa akiwa amekwisha kufa, na mwenye kuku hana adui wa kuwinda bali ana ugonjwa wa kuzuia; afunge wavu leo, kesho kuku wengine watakufa vilevile.

La nne ni manyoya na mayai. Ndege mwindaji huyang'oa manyoya kwa mdomo, moja baada ya jingine, kwa hivyo hukutwa yamelala mahali pamoja, mashina yake mazima. Mnyama wa meno huyatafuna, yakawa yamekatika na kushikamana kwa mate. Yai lililotoweka bila hata kipande cha ganda humwelekea kenge au nyoka. Lakini yupo nyoka mla mayai ambaye hulimeza yai zima, akalivunjia kooni, kisha akatema ganda lililobonyea. Nguchiro wenye miraba nao wana ufundi wao: hulirusha yai kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma ili lipasukie jiweni.

La tano, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote, ni nyayo. Nyunyiza jivu laini kuzunguka banda na juu ya boriti wakati wa magharibi, ukaenda kulala. Jivu huandika usiku kucha, na asubuhi hukupa ukurasa wa kusoma. Nyayo za mbwa, mbweha na nguchiro huwa na alama za kucha, kwa kuwa kucha zao hazifichiki. Za paka na za kanu aghalabu huwa za mviringo, bila kucha. Tofauti hiyo ndogo, mithili ya nukta juu ya herufi, yaweza kubadilisha maana ya kisa kizima.

Nieleze kisa kimoja nilichokishuhudia, ili msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya vitabuni. Jirani yangu mmoja, mama mstaafu anayeishi nasi viungani mwa Nairobi, upande wa Kiambu, alipoteza vifaranga saba wa wiki tano kwa siku mbili mfululizo. Banda lilikuwa na kufuli, na kufuli halikuguswa. Ufunguo ulikuwa na watu wawili tu: yeye mwenyewe, na kijana aliyemwajiri kulisha kuku na kukata nyasi. Hesabu ikawa nyepesi. Usiku wa tatu, matetea wawili walikutwa wamekufa, vichwa hawana. Mama alisema kwamba kijana amefanya hivyo ili kuficha wizi wa kwanza. Aliniita nikiwa naelekea kazini.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni mtu uliyesoma. Niandikie barua ya kumwachisha huyu kazi. Na mshahara wa mwezi huu simpi, vifaranga wangu ndio mshahara."

"Nitaiandika, mama," nikamjibu, "lakini barua yataka sababu, na sababu yataka ushahidi. Nipe usiku mmoja tu."

Kijana alikuwa amesimama karibu na bomba la maji, ndoo mkononi, hasemi neno. Nilimwomba alete jivu jikoni. Tulilitandaza chini pande zote nne, na juu ya boriti iliyopita chini ya paa. Tulipopanda hapo ndipo tulipoona jambo ambalo mtu aliyesimama chini asingeliona: kati ya mabati na ukuta palikuwa na upenyo usiozidi ngumi, na kwenye ncha ya seng'enge palikuwa pamenasa nywele chache, za kijivu na nyeusi. Kuku waliosalia tuliwahamishia stoo.

Asubuhi, jivu la chini lilikuwa halina kitu ila nyayo za ndege wadogo. Jivu la juu ya boriti lilikuwa na msururu wa nyayo ndogo za mviringo, zisizo na kucha, zikija na kurudi. Tuliwaondoa washukiwa mmoja mmoja. Mbwa hapandi boriti. Nguchiro mwenye mkia mweupe ni wa usiku kweli, lakini hutembea ardhini, na wayo wake una kucha. Bundi hawezi kupita katika upenyo wa ngumi. Paka wa jirani ni mweupe pepepe. Aliyesalia ni yule mwenye madoa na pete mkiani, awezaye kupitisha mwili popote kichwa kinapopita. Nusu bati na misumari kumi vilitosha kuuziba upenyo, na tangu siku hiyo hakufa kuku mwingine.

Mama alimlipa kijana mshahara wake wote, akamwomba aendelee na kazi. Kijana aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, na mwisho wa mwezi uliofuata akaondoka. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole kwamba mtu aliyekwisha kuitwa mwizi mara moja huhesabiwa kila jioni pamoja na kuku. Sikuwa na jibu. Upenyo wa paa huzibwa kwa bati; neno likishatoka halina bati la kulizibia.

Hii ndiyo hasara ya kwanza ya kutaja jina mapema, nayo humwangukia mnyonge: mtumishi, mtoto wa jirani, mpita njia. Hasara ya pili huwaangukia viumbe wasioweza kujitetea, kwa sababu jina likishatajwa, hatua inayofuata aghalabu ni sumu. Mtu hupaka sumu ya wadudu kwenye mzoga wa kuku, akautupa nyuma ya ua. Lakini sumu haisomi jina lililoandikwa juu yake. Atakula mbwa wa jirani, atakula bundi ambaye kazi yake ya kila usiku ni kupunguza panya katika ghala lako, atakula nguchiro ambaye jana tu alimuua nyoka karibu na mlango wa jikoni. Na aliyewaua kuku, kama alikuwa kipanga, hata hataukaribia mzoga huo, maana yeye hupenda kujiwindia mwenyewe.

Nchi hii imekwisha kuliona jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Wafugaji waliopoteza ng'ombe walizoea kutia dawa za wadudu katika mizoga ili kuwakomoa simba na fisi. Mwaka 2009, baada ya mauaji hayo kutangazwa kote duniani, watengenezaji wa dawa iitwayo Furadan walitangaza kuiondoa katika maduka ya Kenya. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliorodheshwa miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sumu ilitajwa kuwa sababu mojawapo kuu. Tumbusi hakuwahi kumuua ng'ombe wa mtu. Alikuja tu kula kilichokwisha kufa.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kuku watano hana nafasi ya kufanya uchunguzi wa kiaskari, na kwamba ni rahisi kununua kopo la sumu kuliko kukesha na jivu. Nawaelewa. Kuku wa kienyeji ndiye benki ya mama wengi vijijini; huuzwa ada ya shule inapopungua, na huchinjwa mgeni anapobisha hodi. Lakini ni kwa sababu hiyohiyo kwamba kosa ni ghali. Aliyeweka sumu ilhali mwizi wake ni panya ameua washindani wa panya. Aliyemfukuza mtumishi ilhali mwizi wake ni kanu amebaki na kanu. Jivu halina bei, na jibu lake huonyesha pa kupigilia misumari: kama ni mfukuaji, zika wavu chini ya ardhi, kama ni mpandaji, ziba paa, kama ni mwewe, funika uwanja wa vifaranga, kama ni panya au nyoka, tumia wavu wenye matundu madogo mno, kwa kuwa wavu wa kawaida hutengenezwa ili kumzuia kuku asitoke, wala si kumzuia adui asiingie.

Kwenu walimu, natoa pendekezo. Shule nyingi zina kibanda cha kuku kwa ajili ya somo la kilimo. Siku moja wapelekeni wanafunzi huko pamoja na debe la jivu. Mwalimu wa sayansi awafunze kutambua nyayo, mwalimu wa kilimo awaonyeshe udhaifu wa banda, na mwalimu wa Kiswahili awaamuru waandike ripoti kwa sharti moja: aya ya kwanza isiwe na jina la mshukiwa yeyote. Waeleze kilichovunjika. Kisha waeleze kilichovunjwa, na jinsi walivyojua kwamba kilivunjwa. Jina lije mwisho, likiwa limebebwa na yote yaliyolitangulia.

Kwenu wanafunzi, ambao kila mwaka mnaulizwa mtofautishe kati ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, zingatieni kwamba swali hilo si la mtihani peke yake. Mtaliulizwa tena mkiwa madaktari mbele ya mgonjwa, mkiwa mahakimu mbele ya mshtakiwa, mkiwa wahasibu mbele ya hesabu zisizolingana, na mkiwa wazazi mbele ya sahani iliyopasuka. Neno fupi "na", lile linalomfunga mtenda kwenye kitendo, lina herufi mbili tu. Msilitamke kabla ya kulisoma jivu.